HISTORIA YA KABATI LETU NA MATUNDU YAKE



Tunapotimiza miaka kumi tumeona tusiandike habari za hisa na riba tu. Tuandike pia habari za kabati, maana ndilo linalotunza vitabu vyetu na sanduku letu la kufuli tatu. Tena mikopo mingi tuliyotoa imeishia kwenye makabati ya maduka ya akina mama.

Kwetu Kilombero mbao si kitu kigeni. Mafundi wa zamani walifanya kazi na mninga na mvule. Reli ya TAZARA ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 ikapita hapa Ifakara. Mwaka 1992 ikaanza kampuni ya Kilombero Valley Teak Company, na mitiki ikapandwa kwa wingi bondeni. Siku hizo kwenda Ulanga ni kwa pantoni. Daraja la Magufuli, lenye mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na mizigo ikaacha kungoja kivuko.

Kabati letu la kwanza rafu zake zilipigiliwa misumari. Lilikuwa imara kweli, ila rafu ikishapigiliwa ndiyo basi. Mto Lumemo ulipofurika, maji yakaingia ndani, rafu ya chini ikalowa na vitabu vya hisa wino ukasambaa. Jamani, kitabu kikifutika, mama aliyeweka jasho lake atadai kwa ushahidi gani? Tulikaa siku mbili tukilinganisha kitabu cha kila mtu na daftari la katibu, mpaka hesabu ikakubali.

Ndipo tukaagiza kabati la rafu za kuhamishika. Kila ubavu una safu mbili za matundu, na rafu inakaa juu ya vijiti vinne. Maji yakitishia, unachomoa vijiti, unapandisha rafu.

Kazi yenyewe iko kwenye matundu. Yale manne ya rafu moja lazima yawe usawa mmoja. Fundi akipima kila tundu kuanzia lile lililotangulia, nusu milimita inaongezeka juu ya nusu milimita. Bandu bandu huisha gogo: ukifika juu, rafu inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Fundi wetu alitoboa kwanza ubao mmoja wa kipimo, akauandika "juu" upande mmoja, akautumia huo huo kwa mbavu zote mbili. Kwenye biti ya drili akazungushia utepe, asije akatoboa mpaka nje.

Viwandani kazi hii hufanywa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Asili yake ni Marekani: mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Siku hizi mashine ya mbao huhesabu kila tundu kutoka kona moja ya ubao, hivyo kosa halirundikani. Kipimo kilichozoeleka ni tundu la milimita 5, na kutoka tundu hadi tundu milimita 32. Lakini ukiuweka ubao kinyume, mashine itatoboa kinyume, wala haitakuuliza.

Vijana wetu mafundi wameomba tuwakopeshe wanunue mashine hiyo. Akina mama wengine wanasema ndiyo, watoto wapate kazi. Wengine wanauliza: umeme ukikatika, nani atalipa rejesho? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Maswali yote mawili ni ya haki, maana fedha ni ya wote. Tunapendekeza mkutano mkuu uanze na mkopo mdogo wa drili nzuri na mbao za kipimo. Kazi ikiongezeka na marejesho yakija kwa wakati, tuizungumze mashine.

Tuzidi kuweka akiba, na vitabu vikae rafu ya juu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama