Studio Iliyofungwa Pune Ikazaa Shule ya Filamu

Wapenzi wa picha za Kihindi wanamkumbuka Mithun Chakraborty kwa densi za "Disco Dancer" ya mwaka 1982, na Jaya Bhaduri kama mjane mpole wa "Sholay" ya mwaka 1975. Wote wawili walisomea uigizaji mahali pamoja: taasisi ya filamu ya serikali ya India, inayofahamika kwa herufi FTII, katika mji wa Pune, jimbo la Maharashtra.

Shule hiyo ilirithi nyumba ya watu. Kampuni ya Prabhat, iliyoanzishwa Kolhapur mwaka 1929, ilihamia Pune mwaka 1933 na kujenga moja ya studio kubwa kabisa nchini humo. Hapo ndipo ilipotengenezwa "Sant Tukaram" ya mwaka 1936, iliyotunukiwa katika tamasha la Venice mwaka uliofuata. Lakini mwaka 1942 mwongozaji wake mashuhuri, V. Shantaram, alijitoa kwenda kuanzisha kampuni yake, na kufikia mwaka 1953 Prabhat ilikuwa imefunga milango.

Wakati huo serikali changa ya India ilikuwa ikijiuliza ifanye nini na sinema. Kamati iliyoongozwa na S.K. Patil ilitoa ripoti mwaka 1951, ikapendekeza pamoja na mengine kwamba iundwe taasisi ya kufundisha ufundi wa filamu. Mwaka 1960 taasisi ikaanzishwa katika majengo yale yale ya Prabhat. Mwaka 1974 mafunzo ya televisheni yaliyokuwa yakitolewa Delhi yakahamishiwa huko, na jina likapanuka kuijumuisha televisheni.

Vifaa peke yake visingeipa shule hiyo heshima iliyo nayo. Kwanza walikuwapo walimu wasiotabirika. Katikati ya miaka ya 1960 alifundisha hapo Ritwik Ghatak, mwongozaji wa Kibengali ambaye filamu zake hazikumletea utajiri. Mikononi mwake walipita Mani Kaul na Kumar Shahani, vijana walioipa kisogo njia ya nyimbo na mapigano wakatafuta sinema ya namna nyingine.

Pili, na pengine kubwa zaidi, ni hifadhi ya taifa ya filamu iliyoanzishwa Pune mwaka 1964, jirani na shule. P.K. Nair, aliyeijenga kwa miaka mingi, alizisaka filamu za zamani zilizokuwa zikioza, zikiwamo zile za Dadasaheb Phalke, mwasisi wa sinema ya India. Wanafunzi wakatazama kazi za Wajapani, Warusi, Wafaransa na za mababu zao wenyewe, kisha wakabishana usiku kucha. Mwanafunzi alijifunza kuhariri kwa kuona kwanza jinsi wengine walivyokata.

Matunda yake ni ya aina nyingi. Adoor Gopalakrishnan alirudi Kerala kuongoza filamu kwa lugha ya Kimalayalam. Rajkumar Hirani, aliyesomea uhariri, akaja kuongoza "3 Idiots". Resul Pookutty, fundi wa sauti, alishiriki tuzo ya Oscar mwaka 2009 kwa "Slumdog Millionaire".

Mabishano nayo hayakukoma. Mwaka 2015 wanafunzi waligoma kwa siku 139 wakipinga uteuzi wa mwenyekiti wa taasisi, wakidai umefanywa kisiasa. Mgomo uliisha bila uteuzi huo kubatilishwa. Mmoja wa wagomaji, Payal Kapadia, mwaka 2024 alitwaa Grand Prix ya Cannes kwa "All We Imagine as Light".

Taasisi hupokea pia wanafunzi wa kigeni, na kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayeota kwenda kusomea filamu Asia ana cha kuzingatia katika historia hii. Kamera siku hizi inapatikana hata mtaani kwake. Kabla ya kulipa ada popote, aulize shule ina filamu ngapi za kale za kumwonyesha, nani atakayembishia, na kama ataruhusiwa kubisha. Na serikali zetu, zinapozungumzia vyuo vya filamu, zianze na hifadhi: zikusanye picha zetu za zamani kabla hazijaoza.