Taimingi ya distribyuta

Taimingi ya distribyuta ni mpangilio unaoamua pistoni iwe imefika wapi ndani ya silinda pale cheche ya plagi inaporuka. Katika injini ya petroli yenye distribyuta, mpangilio huu huharibika zaidi siku distribyuta inapovuliwa na kufungwa nyingine. Makala hii inaeleza makosa yanayofuata kazi hiyo na namna ya kuyatafuta, kwa kuyatazama magari ya Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huku spea inayoagizwa Dar es Salaam husafiri kilomita 1,250 hivi kwa njia ya reli, na mwenye gari hukaa bila kazi mpaka ifike. Distribyuta ikishafungwa na gari likagoma kuwaka, neno la kwanza linalosikika gereji ni kwamba spea ni mbovu. Mara nyingi spea ni nzima, ila imekaa pasipo pake, na kuagiza ya pili ni kurudia kosa lile lile kwa pesa mpya.

Magari yanayohusika

Probox, ile inayoitwa mchomoko, haimo humu. Injini yake ya 1NZ-FE ina koili juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo inayopanga cheche. Land Cruiser za 1HZ zinazopanda Kasulu na Kibondo hutumia dizeli, hazina cheche kabisa. Yanayobaki ni Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE, Starlet za 4E-FE, pikapu za 22R, Land Cruiser za petroli za 3F na 1FZ-FE, na Land Rover za zamani ambazo bado zina wenyewe. Ni magari ya watu wanaoyategemea kila siku, na mengi yamekwisha kubadilishiwa distribyuta zaidi ya mara moja, kwa spea mtumba iliyotolewa kwenye injini nyingine.

Kazi ya distribyuta

Mpango wa betri, koili na distribyuta uliletwa kwenye magari na Charles Kettering wa Dayton, Marekani, na Cadillac ilianza kuutumia mwaka 1910. Koili hutoa umeme mkali, rota inayozunguka ndani ya kifuniko huupokea na kuugawa kwa waya za plagi, kila silinda kwa zamu yake. Rota huzungushwa na kemshafti, hivyo huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa sababu hiyo, digrii moja ya kosa kwenye distribyuta ni digrii mbili kwenye krenki.

Petroli haiwaki yote kwa mkupuo. Inahitaji muda kidogo, kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika kileleni. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki hupita digrii 18 katika elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana ndani ya distribyuta za zamani mna vizito vinavyofunguka kadiri mwendo unavyokua, na ubavuni mna kikombe cha vakyumu, vyote vikiisukuma cheche mbele. Kwenye magari yenye kompyuta kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta.

Kosa la nusu mzunguko

Hili ndilo kosa kubwa, na mwambao wa Tanganyika una sababu yake mwenyewe ya kulizaa. Mafundi wengi wa hapa wamejifunzia kazi kwenye injini za boti, zile za kufunga nyuma ya mtumbwi zinazotoka Kibirizi na Katonga kwenda kuvua dagaa. Nyingi ni za hatua mbili. Pistoni ikipanda, cheche inaruka. Ikipanda tena, inaruka tena. Hazina distribyuta. Sumaku imo kwenye gurudumu zito la juu, na taimingi hupotea pale tu kijifunguo kinachoshika gurudumu hilo kinapokatika. Fundi aliyezoea boti akiiona pistoni ya silinda ya kwanza kileleni, huamini amefika.

Injini ya gari ina hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa. Pistoni hufika kileleni mara mbili, mara moja ikiwa imebana mchanganyiko wa petroli na hewa, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Alama ya puli hulingana mara zote mbili. Ukifunga distribyuta kwenye kilele cha kutoa moshi, rota itaelekea silinda ambayo si zamu yake, na cheche zote zitachelewa mzunguko mzima wa krenki. Stata itazunguka vizuri, plagi zitatoa moto ukizipima nje, petroli ipo, na gari haliwaki. Likijitahidi sana, hulipukia kwenye kabureta au kwenye bomba la hewa.

Dawa yake haihitaji chombo cha bei. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako azungushe krenki taratibu kwa spana. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, hicho ndicho kilele kinachotakiwa. Endelea mpaka alama ya puli ifike sifuri. Anayependa kuona kwa macho afungue kifuniko cha valvu: kwenye kilele cha kubana, valvu zote za silinda ya kwanza zimefungwa. Hapo rota inapaswa kuelekea waya wa kwanza. Ikiangalia upande wa pili kabisa, kosa limepatikana.

Baadhi ya injini, hasa zile ambazo distribyuta imechomekwa moja kwa moja nyuma ya kemshafti, zina ulimi ulioegemea upande mmoja ili isiingie kinyume. Ulimi huo hulazimishwa kwa nyundo, nami nasihi kwa moyo wote usilazimishwe. Distribyuta isiyoingia kwa mkono haijalengwa.

Jino moja

Kwenye 22R, 3F na injini nyingine zinazoendesha distribyuta kwa gia ya meno ya mshazari, rota hugeuka kidogo wakati distribyuta inashuka mahali pake. Asiyejua hilo hulenga rota kabla ya kushusha, na ikishafika chini imeshapita. Kwa gia ya meno 13, jino moja ni karibu digrii 28 za distribyuta, yaani digrii 55 za krenki. Mwanya wa bolti inayoshika distribyuta hauwezi kurudisha umbali huo. Dalili yake ni kwamba gari linakaribia kukaa sawa wakati distribyuta imesukumwa hadi mwisho wa mwanya, na bado linataka kuendelea. Usiutanue mwanya kwa tupa. Inua distribyuta, rudisha jino, ishushe upya.

Hapa ndipo panapoonekana thamani ya alama zilizowekwa kabla ya kuvua: moja inayoonyesha rota ilikoelekea, nyingine kati ya mwili wa distribyuta na injini. Krenki isizungushwe hadi mpya iingie.

Waya na kompyuta

Toyota nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na Land Cruiser za silinda sita kwa 1-5-3-6-2-4. Kombi ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa ni 1-4-3-2, na fundi akiipangia waya kama Corolla atasumbuka siku nzima. Mpangilio pekee hautoshi. Lazima ujulikane upande rota inakozunguka. Waya mbili zikibadilishana, gari huwaka lakini linamisi na kutetemeka likiwa sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta.

Kwenye gari lenye kompyuta, taimingi haipimwi mpaka kompyuta inyamazishwe. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 hufanyika kwa kuunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha kupimia chini ya boneti. Bila waya huo, kompyuta inajirekebisha huku fundi anageuza distribyuta. Anadhani ameseti, kumbe amefukuzana nayo. Injini ikiwa imepata moto na sailensi imetulia, 5A-FE hutakiwa kusoma digrii 10 kabla ya kilele, 22R-E digrii 5, na 1FZ-FE digrii 3. Kibandiko cha chini ya boneti kikiwapo na kikasema vingine, kifuatwe chenyewe. Kwenye gari la kabureta, kinachofanyika ni kuchomoa mpira wa vakyumu na kuuziba.

Distribyuta ya sumaku yenye nyaya mbili za kipokezi ina mtego wake: nyaya hizo zikigeuzwa wakati wa kuungia soketi, gari linaweza kuwaka, ila taimingi inatangatanga na injini inakata mwendo ukipanda. Nafasi kati ya kipokezi na meno yake kwenye Toyota nyingi ni milimita 0.2 hadi 0.4.

Mlima na mafuta

Cheche iliyotangulia mno huifanya stata ikate, kana kwamba betri imechoka, na barabarani injini inagonga. Iliyochelewa huleta gari zito, linalochemsha na kula mafuta, ekzosi ikiwa ya moto kupita kawaida. Asiye na taa ya taimingi huseti kwa sikio na kujaribu mlimani, na kutoka Mwandiga kupanda Kalinzi na Manyovu mlima wa kutosha upo. Mlio hafifu wa kugonga unaosikika mara moja ukikanyaga mafuta na kupotea si wa kutisha. Unaoendelea hutoboa pistoni.

Lakini mlima huo unadanganya. Ziwa lenyewe liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la hewa Ujiji ni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko pwani, na huko juu linapungua zaidi. Mchanganyiko wenye hewa nyepesi huwaka polepole na haugongi upesi, hivyo dereva wa juu huomba cheche itangulizwe kidogo na gari linachangamka. Gari hilo likirudi ziwani na mzigo wa mawese, linagonga. Linalofanya kazi kote kuwili liachwe kwenye kipimo cha kiwanda.

Mafuta nayo huchanganya mambo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugonga hata taimingi ikiwa sahihi. Kukomesha uchakachuaji huo ndiko kulikoifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta. Kabla ya kuigeuza distribyuta kwa sababu ya mlio wa kugonga ulioanza baada ya kujaza dumu la njiani, jaza kwingine kwanza.

Pale ambapo distribyuta haina kosa

Alama ya puli inaweza kusema uongo. Puli nyingi zina pete ya nje iliyoshikwa na mpira. Mpira ukizeeka, pete huhama na alama inahama nayo. Ingiza kijiti kirefu chepesi kwenye tundu la plagi ya kwanza, sikia pistoni inapoacha kupanda, kisha tazama alama iko wapi. Mkanda wa taimingi ulioruka jino nao huonekana kama distribyuta isiyoshikika. Na asubuhi za mvua, kati ya Novemba na Aprili, kifuniko chenye ufa huvuta unyevu na cheche hutambaa pembeni. Gizani, boneti likiwa wazi, huonekana kwa macho.

Taimingi ikishakaa, kaza bolti kisha pima tena, kwa maana kukaza kwenyewe huigeuza distribyuta digrii moja au mbili. Ondoa waya wa TE1, rudisha mpira wa vakyumu, halafu piga mstari mmoja kwa patasi kutoka kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye injini, ili fundi atakayefuata apate pa kuanzia.