Wa Kufa na Kuzikana

Fimbo ya babu iko nyumbani kwangu Ilala, imeegemea pembe ya sebule. Ni ya mpingo, kichwa chake kimezungushiwa waya wa shaba, na ncha imelika kwa kugongwa barabarani. Babu hakuwa chifu wala askari. Alikuwa kuli wa bandari, Mluguru wa Matombo aliyeingia Dar es Salaam miaka ya 1920 akiwa kijana asiyemjua mtu. Lakini Jumapili, akiishika fimbo hii, alikuwa Luteni wa Arinoti, na watu wa Kariakoo walitoka vibarazani kumtazama akipita. Wajukuu zangu wakiuliza ni fimbo ya nini, nawaambia ni fimbo ya chama.

Arinoti kilikuwa chama cha beni. Beni ni bendi, na ngoma hiyo ilianzia pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Lamu, ushindani wa mitaa ya Mkomani na Langoni ulikuwa wa tangu na tangu. Vijana wakauvika sare, wakauongezea tarumbeta na gwaride. Mombasa kukawa na Kingi na Scotchi. Huku kwetu, enzi za Wajerumani, pande zikawa mbili. Marini waliwavuta makarani na watoto wa mjini. Arinoti waliwapokea zaidi watu wa bara na wenye kazi za mikono. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na maaskari na wapagazi wakaichukua beni kila walikopelekwa. Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Beni ikavuka mpaka Malawi, Zambia na Kongo. Malawi ngoma ya malipenga, kizazi cha beni, bado huchezwa.

Wazungu wengi walioitazama waliona kuiga tu: Waafrika wamevaa kama wanamaji, wanaitana Kaiza, Kingi na Jenerali. Serikali ya Waingereza nayo iliingiwa na shaka baada ya vita, ikachunguza kama ndani ya ngoma kuna siasa. Babu alikuwa na maelezo yake. Alisema gwaride lilikuwa la Jumapili, lakini chama kilikuwa cha siku zote saba.

Kila mwezi mwanachama alitoa thumni. Karani aliandika daftarini, na aliyekosa miezi mitatu aliitwa kujieleza mbele ya wenzake. Masika yake ya kwanza mjini babu alishikwa na homa, akalala chini siku tisa. Watu aliojuana nao kwa ngoma tu walipokezana kumletea uji na maji ya kuoga. Mwaka uliofuata, mwenzao mmoja, Mngindo waliyelala naye chumba kimoja, akafariki. Hakuwa na ndugu mjini. Arinoti walinunua sanda, wakachimba kaburi, wakasoma hitima, kisha wakamtuma mtu mpaka Liwale na barua na akiba ya marehemu. Babu alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia hivi: "Kwetu Matombo maiti ni ya ukoo. Mjini hapa maiti ilikuwa ya daftari."

Daftari hilo lilisafiri. Mwanachama akienda Tabora au Ujiji alichukua barua ya tawi lake, na huko alipokewa kama ndugu aliyerudi: akapewa pa kulala, akaonyeshwa penye kazi. Serikali ilimhesabu kijana kwa kabila lake na kwa kodi ya kichwa. Chama kilimhesabu kwa ahadi aliyoitoa na kuitimiza.

Yalikuwapo na mabaya, na babu hakuyaficha. Mashindano na Marini yaliwafanya watu wakope kwa ajili ya sare na karamu. Waliokosa vyeo walinuna, wengine wakajitenga. Lakini hata katika ugomvi huo walikuwa wakijifunza. Walijifunza kumsikiliza mwenyekiti, kumhoji mweka hazina bila kumpiga, na kumchagua kiongozi kwa kuwa anafaa, wala si kwa kuwa baba yake alikuwa mkubwa. Hakuna shule ya serikali iliyowafundisha makuli mambo hayo.

Kwa hiyo African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu, mji ulikuwa tayari unajua maana ya kadi, ada na mkutano. Kleist alikuwa amepigana upande wa Wajerumani, kisha akawa mfanyakazi wa reli. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika ofisi ya Mtaa wa New, ambao leo ni Lumumba.

Kwa upande wa wanawake uhusiano huu wa ngoma na siasa ni wazi zaidi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja. Bibi yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo. Alikata kadi ya TANU siku moja na kundi zima, kwa kuwa waliozoea kuzikana hawakuona tabu kuaminiana katika jambo hili jipya.

Wakati huo beni yenyewe ilikuwa imepoa. Dar es Salaam Jazz Band ilikwishaanza mwaka 1932, na vijana wakageukia dansi, wakiacha tarumbeta za gwaride. Wengine wakaingia kwenye mpira: Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata klabu ambayo leo ni Simba. Ngoma ilibadilika, daftari likabaki.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wa mtaani kwangu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Ni fedha njema. Lakini nimeona vikundi vilivyozaliwa na fomu ya mkopo vikifa mkopo ulipoisha. Kimoja kilikuwa kikikutania barazani kwangu. Walinunua bodaboda, wakarejesha deni mpaka shilingi ya mwisho, na baada ya hapo hawakuwa na sababu ya kuonana tena.

Mwaka jana mmoja wao alifiwa na mama. Wenzake walikuja wote bila kuitwa. Walifunga turubai, wakabeba viti, wakachota maji, wakalala matanga. Siku ya tatu nikawasikia wakipanga kuchangishana kila Ijumaa, na mmoja akatumwa dukani kununua kauntabuku.

Sasa wameniomba niwe mlezi wao. Wamekuja na rasimu ya katiba, na kifungu chake cha kwanza kinahusu mkopo. Nimewarudishia. Nimewaambia nitakubali wakianza na vifungu viwili vingine: cha kwanza kiseme nani atabeba jeneza, na cha pili kitaje siku ya bonanza la mpira. Mkopo uje wa tatu. Wakikubali, siku ya bonanza nitatoka na fimbo ya babu, na atakayechaguliwa nahodha ndiye atakayeishika.