Kamba ya Mpagazi na Kemia ya Mkonge

Ukisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, kabla hujafika Tabora utapita stesheni ndogo ya Goweko. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo pande hizo zilikuwa nchi ya wapagazi. Historia inatusimulia habari za pembe za ndovu na vitambaa vilivyopita njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya kamba.

Wanyamwezi walichuna gome la miombo, wakaondoa ganda la nje, wakalilowesha na kulisokota kamba. Kwa gome hilo hilo walitengeneza vilindo vya kuwekea mali na mizinga ya nyuki. Huko pwani nako, makumbi ya nazi yalifukiwa miezi kadhaa katika matope ya bahari ili kupata usumba. Hakuna aliyeiita kazi hiyo kemia, lakini ilikuwa kemia: vijidudu vya majini huozesha ile gundi inayoshikamanisha nyuzi, uzi wenyewe ukabaki.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba makubwa, na katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Lakini wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Plastiki iliyoua soko la mkonge sasa inautafuta mkonge huo huo. Viwanda vinataka nyuzi za mimea zichanganywe na plastiki ili kupata kitu chepesi na chenye nguvu, na pengine huchanganya nyuzi za aina mbili pamoja, kila moja isaidie udhaifu wa mwenzake.

Tatizo ni kwamba uzi wa mmea hupenda maji, na plastiki huyakataa. Ukivichanganya hivi hivi havishikani. Dawa mojawapo ni kuuosha uzi kwa soda kali, jambo ambalo Mwingereza John Mercer alilipatia hataza mwaka 1850 kwa ajili ya pamba. Soda huondoa nta na uchafu, uzi ukawa na mikwaruzo ambayo gundi huishika. Ikizidi, hula uzi wenyewe.

Wengi wetu hatujui kwamba Watanzania wamekuwa mbele katika elimu hii. Mwaka 1991 Elifas Bisanda, pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya kuutibu mkonge kwa kemikali ili ushikane na gundi. Mwaka uliofuata wakaandika juu ya mkonge uliogandishwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, kitu kinachofaa kuezekea nyumba. Mwaka 1999 Leonard Mwaikambo na Bisanda wakaandika juu ya kitambaa cha pamba na sufi kilichogandishwa katika plastiki. Mkonge, korosho, pamba, sufi: vyote ni vyetu, na pamba inalimwa mkoani Tabora kwenyewe, kule Igunga na Nzega.

Hebu tujiulize basi. Nyumba ngapi zimeezekwa kwa mkonge na korosho? Sehemu kubwa ya mkonge wetu bado inauzwa nje ikiwa nyuzi tupu, nasi tunanunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Kamba ya mpagazi ilifunga mali ghafi, mali ikaenda pwani, ikavuka bahari. Reli ikaja, ikabeba mali ghafi vile vile. Elimu ya kuibadili njia hiyo tunayo, tena imeandikwa na wenzetu. Kinachotakiwa ni viwanda, mikopo, na moyo wa kusoma kazi za wataalamu wetu kabla hazijasomwa na wengine.