Kuunguza kwa Jua, Kuunguza kwa Sauti: Historia Fupi ya Lenzi

Katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu hapa Doha, wageni husimama mbele ya astrolabu za shaba wakistaajabia hesabu zilizochorwa juu yake. Katika zama za elimu hiyo aliishi Ibn Sahl, mtaalamu wa hisabati wa Baghdad. Karibu na mwaka 984 aliandika kitabu kuhusu vioo na lenzi za kuunguzia. Swali lake lilikuwa hili: mwanga wa jua utaunguzaje kitu kilicho mbali? Akaonyesha kwa jiometri umbo la lenzi linaloikutanisha miale kwenye nukta moja. Miaka karibu elfu moja baadaye, madaktari waliuliza swali hilohilo kuhusu sauti.

Kwamba sauti nayo hupinda ilionyeshwa mwaka 1852 na Mjerumani Karl Sondhauss. Alijaza puto gesi ya kaboni dayoksaidi, na sauti iliyopita ndani yake ikakusanyika upande wa pili. Sababu ni mwendo: sauti huenda polepole zaidi katika gesi hiyo kuliko hewani. Kwa hiyo puto lilifanya kazi kama lenzi mbinuko ya kioo.

Ndani ya maji mambo hugeuka. Sauti husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde majini, lakini hupita mita 2,300 katika plastiki ya polistirini. Kwa kuwa plastiki huiharakisha sauti, lenzi ya kuikusanya lazima iwe mbonyeo. Anayenakili tu umbo la lenzi ya mwanga ataitawanya sauti badala ya kuikusanya.

Kosa la namna hiyo lina gharama kubwa panapohusika ubongo. Mwaka 1942, John Lynn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walijaribu kuunguza tishu za ndani ya wanyama kwa ultrasaundi. Katika miaka ya 1950, William Fry na ndugu yake Francis wa Chuo Kikuu cha Illinois waliunganisha miali minne ya sauti kwa kutumia lenzi za plastiki. Hata hivyo, fuvu liliwashinda. Mfupa huibadili sauti mwendo, huipinda na kuifyonza. Nalo ni lenzi, ila haikuchongwa na fundi. Ilibidi kipande cha fuvu kikatwe kwanza.

Mlango ulifunguliwa na hesabu. Mwaka 1949, H. T. O'Neil alichapisha nadharia ya transdusa zilizopinda, yaani vifaa vinavyogeuza umeme kuwa mtetemo. Alionyesha kwamba sauti haifikii kilele pale hasa jiometri inapoelekeza, bali karibu zaidi na transdusa. Kompyuta zilipokuja, modeli ziliweza kuhesabu hata fuvu la mgonjwa mmoja kutokana na picha zake za CT. Mwaka 2016, Marekani iliidhinisha tiba ya mtetemeko wa mikono kwa kifaa chenye transdusa ndogo 1,024. Kila moja hucheleweshwa kwa kipimo chake ili mawimbi yafike pamoja. Fuvu halikatwi.

Kwa hiyo historia hii si ya vifaa peke yake. Kilichochukua nafasi ya msumeno ni hesabu ya mahali miale itakapokutana, kazi aliyoianza Ibn Sahl kwa kalamu na karatasi.