Hela za Tabora na mikia ya herufi L

Wadau, leo tuipumzishe siasa.

Nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nikipekua mitumba, kijana mmoja akanivuta pembeni. "Braza, unanunua rupia?" Akafungua leso. Ndani mlikuwa na sarafu ya hela 20 ya Mjerumani, imesuguliwa kwa limao na waya mpaka inang'aa kama bomba jipya. Akaninong'oneza kwamba ina zebaki ndani.

Haina zebaki, jamani. Ila ina habari, na ndiyo hiyo anayoisugua.

Hebu turudi 1916. Manowari za Waingereza zimefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya kikoloni imehamia Tabora. Watu wanataka malipo. Basi karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha, maganda ya risasi na shaba chakavu vikawa hela 5 na hela 20. Hata dhahabu ya Sekenke ikafyatuliwa sarafu ya rupia 15, yenye tembo. (Neno "hela" tunalolitamka kila siku limetokana na hiyo heller yao, sijui wangapi tunakumbuka.)

Sasa, wakusanyaji wa sarafu duniani wana ugonjwa wa kutafuta kasoro za muhuri, yaani kile chuma kinachogonga chapa. Zamani muhuri wenyewe ulichapwa kwa kukandamizwa na chuma mama zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo tu kati ya mkandamizo wa kwanza na wa pili, herufi zinatoka mbilimbili, na kila sarafu itakayogongwa na muhuri huo itabeba kosa hilohilo. Senti ya Marekani ya 1955 ndiyo maarufu kuliko zote: tarehe na maandishi unayaona mara mbili bila miwani. Usichanganye na kivuli bapa kinachotokana na mashine kulegea wakati wa kugonga. Hicho wakusanyaji hawakihesabu.

Tabora ni ndugu wa jambo hilo, si lilelile. Mihuri ilitengenezwa hapohapo, kwa haraka ya vita, na haikufanana. Kwenye hela 20 kuna taji kubwa na taji dogo. Geuza upande wa pili, tazama herufi L mbili za neno HELLER: kuna sarafu ambazo ncha za L zimechongoka, nyingine zimejikunja zote, nyingine imejikunja ile L ya pili tu. Ukiziona hizo ncha unajua sarafu yako imegongwa na muhuri wa aina gani. Mimi naona ni kama kuona mwandiko wa fundi.

Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916. Jenerali Wahle akaondoka na askari wake kuelekea kusini-mashariki, wakapigana kuizunguka Iringa, ambayo Waingereza walishaichukua Agosti. Nadhani ndivyo hela moja ilivyofika Kalenga kwa bibi yangu, mfukoni mwa askari au mpagazi. Sina ushahidi.

Ningeweza kuwa nao kidogo. Nikiwa kidato cha pili bibi alinionyesha hela ile, nyeusi tii. Nikataka kumfurahisha. Nikaisugua kwa majivu na mchanga mchana kutwa. Miaka baadaye, nikiwa chuo, nikasoma habari za hizo L, nikapanda basi na kioo cha kukuzia. Herufi zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Taji nalo siwezi kusema ni lipi.

"Si uliitakatisha wewe mwenyewe, mjukuu wangu?" bibi akauliza.

Basi pale Mwanjelwa nikatoa kioo changu. L ya kwanza ilikuwa imeliwa. Ya pili, mkia bado umejikunja. Nikamwonyesha kijana, nikamwambia aache kabisa limao na waya. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Sawa braza," akasema, "sasa unanunua au hununui?"

Nikanunua, kwa buku kumi.