Mito Iliyorudishwa Ilikotoka

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 69,000, ila kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, ilhali Tanganyika, jembamba na refu, lina kina cha mita 1,470 hivi. Tanganyika ni ufa uliodidimia. Victoria ni maji yaliyozibiwa njia. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Jinja, Uganda, mwaka 1862 alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, na sifa zote zikaenda kwa mto unaotoka ziwani. Mimi naona habari kubwa zaidi imo katika mito iliyolizaa ziwa lenyewe.

Hapo kale mito ya Kagera, Katonga na Kafu ilitiririka kwenda magharibi. Kisha ukingo wa Bonde la Ufa la magharibi ukainuka, ardhi ikainamia mashariki, na maji yakarudi nyuma na kutuama, pengine miaka 400,000 iliyopita. Ushahidi bado unaonekana. Kwa kawaida kijito huungana na mto kikielekea upande uendako mto. Vijito vingi vya Kafu vinaelekea magharibi, na mto wenyewe, kwa sehemu kubwa, unakwenda mashariki: mto umegeuka, vijito vimebaki na njia yao ya zamani. Kwenye Katonga, maji ya Ziwa Victoria na yale ya Ziwa George hayatenganishwi na mlima wowote, bali na kinamasi cha mafunjo ndani ya bonde lile lile moja. Nalo Ziwa Kyoga, lenye matawi kama vidole, ni mabonde ya mito yaliyofurika.

Wapo watakaosema mto huweza kuchimba mwamba unaouinukia. Kweli, ukiwa na mteremko wa kutosha na mwamba ukipanda polepole. Mito hii ilipita nyanda zenye mwinamo mdogo mno; inuko dogo tu lilitosha kuishinda. Hoja nzito zaidi ni kwamba mvua, si mwinamo, ndiyo iliyolizaa ziwa, kwa kuwa lilikauka miaka kama 16,000 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa kavu, likajaa tena. Lakini mvua iliporejea, maji yalikusanyika katika bakuli lile lile, kwa sababu mwinamo wa ardhi haukuwa umebadilika. Ndiyo maana Kagera, baada ya kupanda kaskazini mpakani mwa Rwanda na Tanzania, hukata kona ghafla kuelekea mashariki.